Kanula iliyopinda Mikindani: uchambuzi wa kisa cha pampu ya insulini inayojiendesha

Kisa hiki kimetungwa ili kijadiliwe. Mgonjwa hana jina wala sura, lakini vifaa, hesabu na kasoro ni zile zile zinazowakuta wanaotumia mifumo hii, na mazingira ni ya Mtwara: joto la Desemba, umeme wa kukatika, na vifaa vinavyofika kwa mkono wa ndugu aliye nje ya nchi.

Binti ana miaka 19 na kilo 52, anaishi Mikindani na mama yake. Ana kisukari aina ya kwanza tangu akiwa darasa la tano. Miaka yote hiyo alikuwa akijidunga Insulatard (insulini ya muda mrefu) uniti 14 asubuhi na 12 usiku, na Actrapid (ya muda mfupi) 8, 6 na 8 kabla ya milo mitatu. Jumla uniti 48 kwa siku. Kaka yake ni fundi simu Mtwara mjini. Shangazi yao anayeishi Ulaya alileta pampu ya insulini ya DANA iliyokwishatumika, maboksi ya kanula (vimrija laini vya kuingiza insulini chini ya ngozi), vihisi vya sukari vya siku 14 na insulini ya haraka iitwayo aspart. Kaka akajifungia na kompyuta, akaijenga programu ya AndroidAPS, inayoiendesha pampu kupitia simu, kutoka kwenye msimbo wake. Hiyo haipakuliwi kama programu nyingine; kila mtumiaji anaijenga mwenyewe, na ni makusudi, ili asiwepo anayeiwasha bila kusoma.

Kazi ya mfumo ni rahisi kuieleza. Kihisi kilichobandikwa mkononi kinapima sukari iliyo kwenye majimaji ya chini ya ngozi na kuirusha kwenye simu. Kila baada ya dakika 5 simu inapiga hesabu: sukari iko wapi, inaelekea wapi, insulini kiasi gani bado inafanya kazi mwilini. Kisha inaiamuru pampu kwa bluetooth ipunguze, iongeze au iache. Amri ya kubadilisha insulini ya msingi (ile inayotoka kidogo kidogo saa zote) ni ya muda tu, kwa kawaida dakika 30. Simu ikizimika au ikipotea, muda ukiisha pampu inarudi kwenye kiwango chake cha kawaida. Kwa hiyo umeme ukikatika na simu ikaisha chaji, binti anabaki na pampu ya kawaida tu, wala hapati madhara. Wengi huogopa umeme kuliko kitu kingine. Katika kisa hiki umeme haukuwa na kosa lolote.

Viwango vya kuanzia viliwekwa kwa njia inayokubalika. Mtu akitoka kwenye sindano kwenda pampu, jumla ya siku hupunguzwa kwa takribani robo: 48 ikawa 36. Nusu yake, uniti 18, ndiyo insulini ya msingi, sawa na 0.75 kwa saa. Uniti moja inashusha sukari kiasi gani? Gawanya 100 kwa 36, unapata takribani 2.8 mmol/L, kipimo cha sukari ya damu tunachotumia kisa kizima. Inabeba gramu ngapi za wanga? Gawanya 500 kwa 36, unapata 14. Hizi ni hesabu za kuanzia. Baada ya hapo daftari la sukari ndilo linalosahihisha. Kikomo cha insulini ambayo programu inaruhusiwa kuilimbikiza mwilini kiliwekwa uniti 6. AndroidAPS haimwachii mtu kila kitu siku ya kwanza. Inampitisha hatua kwa hatua: kwanza inashauri tu naye ndiye anayeamua, halafu inaruhusiwa kukata insulini sukari inaposhuka, na mwisho kabisa kuongeza yenyewe. Kufikia mwezi wa tatu mfumo ulikuwa unajiendesha na asubuhi nyingi binti aliamka na sukari ya 6 au 7.

Usiku wenyewe

Saa 2:30 usiku alibadilisha kanula, ya zamani ilikuwa imemaliza siku tatu. Mpya akaiweka tumboni upande wa kushoto, karibu na kitovu, pale pale alipozoea kuchoma sindano tangu utotoni. Saa 3 alikula wali wa nazi na samaki, akakadiria wanga gramu 80. Sukari ilikuwa 6.9. Programu ikagawa 80 kwa 14, pampu ikatoa uniti 5.7, binti akalala.

Saa 5 usiku kihisi kilisoma 14.3. Simu ilitetema tu kwa sababu ilikuwa kimya. Programu ikaanza kuongeza vidozi vidogo vidogo. Saa 8 usiku: 19.8, na kwenye kioo insulini iliyo mwilini ilionyesha uniti 6.0, yaani kikomo.

Saa 9 usiku akaanza kutapika. Mama akashika paji la uso, likawa na joto la chumba kisicho na feni. "Malaria hiyo mwanangu, asubuhi tukapime." Kwa bahati alimpigia kaka kabla ya kutafuta dawa. "Shikamoo mama. Usimpe chochote. Mpime sukari kidoleni kwanza, halafu chukua ile kadi niliyobandika kabatini."

Kidole kilisoma 20.6. Kijiti cha mkojo kilionyesha ketoni, yaani asidi zinazotokea mwili ukikosa insulini na kuyeyusha mafuta, alama mbili. Plasta ya kanula ilipobanduliwa ilikuwa imelowa, ikitoa ile harufu kali ya insulini ambayo kila anayejidunga anaijua, na kimrija laini kilichopaswa kuwa kimenyooka chini ya ngozi kilikuwa kimejikunja kama ndoano. Mama akavuta Actrapid uniti 5 kwa bomba la sindano, akamchoma pajani. Kwa kuwa binti alikuwa anatapika hawakusubiri matokeo: bajaji mpaka mjini, kama kilomita kumi. Hospitalini alipewa maji ya chumvi kwa dripu, lita moja katika saa ya kwanza, potasiamu ikapimwa, ikafuata insulini ya dripu uniti 0.1 kwa kila kilo kwa saa, ambazo kwake ni 5.2. Kesho yake jioni akaruhusiwa.

Mbona pampu haikupiga kelele?

Pampu haijui kama insulini imeingia mwilini. Inachoweza kuhisi ni msukumo unaorudi nyuma ndani ya mrija. Kanula ikiziba kabisa, msukumo unapanda na kengele inalia, ingawa kwa mwendo wa uniti 0.75 kwa saa hata hilo linaweza kuchukua saa kadhaa. Kanula ikipinda halafu insulini ikapata njia ya kutoka pembeni, kati ya plasta na ngozi, hakuna msukumo wowote. Kwa pampu kazi imefanyika. Ndiyo maana plasta ilikuwa imelowa.

Kosa la pili limefichika zaidi, na wengi waliozoea mifumo hii hawalioni mpaka liwapate. Ile tarakimu ya "insulini iliyo mwilini" ni daftari tu la kilichotoka kwenye pampu. Saa 8 usiku programu iliamini kuna uniti 6 zinazofanya kazi. Zidisha 6 kwa 2.8, unapata 16.8, toa kwenye 19.8, inabaki 3.0. Kwa hesabu ya moja kwa moja, binti alikuwa anaelekea kushuka sukari! Programu ina namna ya kujisahihisha inapoona sukari haishuki kama ilivyotarajia, kwa hiyo haikukata kila kitu, ila kikomo kilikwisha kufikiwa, ikaacha kuongeza. Hata kama kikomo kingekuwa uniti 12 isingesaidia; nyingi zaidi zingelowesha plasta.

Uongo huo unaendelea hata baada ya kanula mpya kuwekwa. Ukiuacha mfumo ujiendeshe, utambania mtu insulini kwa saa kadhaa kwa kuamini bado anazo uniti 6. Utaratibu sahihi ni kusimamisha kujiendesha, kufuta kwenye orodha dozi zilizomwagika, kuandika sindano ya mkononi kwa kuchagua "rekodi tu, usitoe", kisha kuiacha pampu itoe insulini ya msingi pekee kwa saa nne au tano. Kwa nini usirudishe mapema? Kwa sababu huna hakika kama zote zilimwagika. Huenda uniti moja au mbili ziliingia na zitaamka baadaye.

Ketoni zilikuja haraka kwa sababu moja tu: kwenye pampu hakuna insulini ya muda mrefu. Enzi za Insulatard, hata akisahau Actrapid ya jioni, kulikuwa na kitu kinachofanya kazi mpaka alfajiri. Kwenye pampu kuna insulini ya haraka peke yake, na ya mwisho kuingia kwa hakika ilikuwa kabla ya saa 2:30 usiku. Saa tano baadaye ilikuwa karibu imekwisha, mwili ukaanza kuyeyusha mafuta kwa fujo. Kutapika saa 9 usiku ni ratiba ya kawaida kabisa.

Kuhusu malaria, mama asilaumiwe. Mkoa wa Mtwara mtu akitapika usiku, malaria ndiyo wazo la kwanza, na mara nyingi ni wazo zuri. Ila kwa mwenye pampu mpangilio lazima ugeuzwe: sukari, ketoni, kanula, ndipo malaria. Na anayetapika huku ana ketoni anaenda hospitali, hata kama sindano imeshachomwa.

Hatua ya kwanza waliyoiruka

Mifumo hii haikuanza na pampu inayojiendesha. Mwaka 2013 Dana Lewis wa Seattle, Marekani, ambaye ana kisukari aina ya kwanza, alikuwa na shida moja: kengele ya kihisi chake haikuwa na sauti ya kumwamsha. Alichokitafuta ni kengele kubwa zaidi. Akiwa na Scott Leibrand walipata njia ya kuzitoa tarakimu kwenye kifaa, wakatengeneza kengele yao, kisha utabiri, na Desemba 2014 ndipo wakaunganisha na pampu. Mwaka 2015 wakaweka mpango wa OpenAPS wazi kwa yeyote. Mwaka huo huo wa 2013 wazazi waliokuwa wanataka kuona sukari ya watoto wao wakiwa mbali walianzisha Nightscout. Hesabu zilizozaliwa OpenAPS ndizo zilizo ndani ya AndroidAPS leo.

Familia yetu ya Mikindani ilianzia mwisho. Kaka ni fundi, na fundi anapenda kinachojiendesha. Kengele haina utamu wa kiufundi. Lakini tuangalie usiku ule: saa 5, kwa 14.3, kengele ya kuamsha mtu ingetosha. Kanula ingebadilishwa, sindano ya uniti mbili au tatu ingechomwa, na watu wangelala. Maoni yetu ni kwamba kwa Mtwara na Lindi sehemu ya ubunifu huu yenye faida kubwa kwa gharama ndogo ni kihisi, kengele na mtu wa pili anayeona tarakimu. Pampu ije baadaye, au isije.

Hatusemi hivyo kwa kudharau mfumo. Jaribio la CREATE la New Zealand, lililochapishwa mwaka 2022, lilitumia AndroidAPS iliyoboreshwa kidogo pamoja na pampu ya DANA-i kwa watu 97, watoto na watu wazima, kwa wiki 24. Waliotumia mfumo walitoka asilimia 61 ya muda wakiwa ndani ya 3.9 hadi 10 mmol/L wakafika 71. Waliobaki na pampu na kihisi bila kujiendesha walishuka kutoka 58 hadi 55 hivi. Hakuna aliyepata ketoasidosisi (ketoni nyingi mpaka damu inakuwa na asidi) wala kushuka sukari kwa hatari, upande wowote. Hesabu ni nzuri. Ila ni hesabu zilizopimwa mahali ambapo kanula mbovu inatupwa bila kuwaza nyingine itatoka wapi.

Kilichobadilishwa

Kanula sasa inabadilishwa asubuhi au kabla ya chakula cha mchana, kamwe si usiku. Saa mbili baadaye lazima sukari iangaliwe, kwa sababu kanula iliyopinda hujionyesha ndani ya saa mbili tatu. Tumbo la kushoto limepumzishwa. Ukilipapasa kwa ncha za vidole unakuta uvimbe mgumu wa mafuta uliotokana na miaka ya sindano sehemu moja. Hapo kanula hupinda, na hata isipopinda insulini hunyonywa vibaya. Makalio, upande wa nyuma wa kiuno na mapaja vimeingia kwenye mzunguko. Jasho nalo lina dawa yake: ngozi inafutwa kwa spiriti, inaachwa ikauke kabisa (hapa ndipo watu wanapoharakisha), na plasta ya kitambaa inazungushiwa juu.

Simu ilihitaji mambo mawili. Simu nyingi za bei nafuu huua programu zinazofanya kazi kwa nyuma ili kutunza betri, hivyo AndroidAPS, xDrip+ inayopiga kengele na Juggluco inayosoma kihisi zote zimeondolewa kwenye udhibiti wa betri, na kila simu inapojisasisha kaka anakagua tena. Pili, kengele ya xDrip+ imewekwa ivunje ukimya wa simu: 12 inalia polepole, 14 inalia mpaka mtu aizime.

Mtu wa pili amepatikana bila bando. AndroidAPS ina sehemu ya kujibu ujumbe mfupi wa kawaida: namba iliyoruhusiwa ikituma herufi BG, simu ya mgonjwa inajibu sukari ya mwisho na insulini iliyobaki. Nightscout ni nzuri zaidi, lakini inataka intaneti pande zote mbili, na bando la mama huisha katikati ya wiki. SMS inafika. Amri za kutoa dozi kwa mbali zimeachwa zimefungwa.

Kadi ya kabatini imeandikwa upya kwa maneno machache. Sukari ikizidi 14 na haijashuka saa moja baada ya dozi ya kusahihisha, usiamini kanula: pima ketoni, choma sindano kwa bomba, badilisha kanula. Dozi: sukari toa 7, gawanya kwa 2.8. Ndiyo iliyompa mama uniti 5, kwa maana 20.6 toa 7 ni 13.6, gawanya kwa 2.8 ni 4.9. Kadi pia inaonya kuhusu bomba lenyewe: la mililita 1 kila mstari ni uniti 2, la nusu mililita kila mstari ni uniti 1. Kwenye mwanga wa tochi kosa hilo ni jepesi kulifanya na ni kubwa.

Swali la Actrapid

Aspart ya shangazi itakwisha, na kwenye vituo vyetu kinachopatikana kwa uhakika zaidi ni Actrapid na Insulatard. Kaka aliuliza swali la haki: kwa nini tusijaze Actrapid kwenye pampu?

Kwanza, maelezo ya watengenezaji wa Actrapid yanakataza isitumike kwenye pampu, kwa kuwa inaweza kuganda chembechembe na kuziba mrija. Pili, programu imejengwa kwa insulini ya haraka inayofikia kilele dakika 75 hivi baada ya kuingia. Actrapid inafikia kilele baada ya saa moja na nusu hadi tatu na nusu, na inaendelea kwa saa saba hadi nane. Programu itaona sukari haishuki, itaongeza, na saa tatu baadaye dozi zote zitaamka pamoja. Hata ukichagua kilele cha kujiwekea mwenyewe, kinaishia dakika 120. Actrapid ina kazi muhimu hapa, ya akiba kwenye bomba la sindano, na hiyo inatosha.

Kwa hiyo hesabu ya mwezi inafanywa kwa aspart. Uniti 36 kwa siku ni 1,080; ongeza kama 10 za kujaza mrija kila kanula inapobadilishwa, mara 10 kwa mwezi, unafika karibu 1,200. Kichupa cha mililita 10 kina 1,000. Katriji ya pampu inachukua 300, lakini kujaza 300 kwa joto hili ni kuharibu dawa: siku tatu ni 108, mrija 10, akiba 20, basi 140 zinatosha. Kichupa kinatolewa kwenye friji nusu saa kabla ya kujaza, kwa sababu insulini ya baridi ikipata joto ndani ya mrija inatoa mapovu, na povu ni insulini isiyofika. Kichupa kilichofunguliwa kinakaa mpaka siku 28 chini ya nyuzi 30. Mtungi wa udongo unasaidia kidogo tu pwani, maana hewa yetu ina unyevu na maji hayakauki vizuri kama Dodoma. Afadhali umwekee jirani mwenye friji.

Kanula ni 10 kwa mwezi, na 2 za kuharibika. Vihisi ni 26 kwa mwaka, na vinanunuliwa kwa mkupuo korosho zikishalipwa, tarehe ya mwisho ikisomwa kwanza. Kanula zikibaki 5, binti anapigia kliniki na kurudi kwenye sindano mchana, akiwa mzima, kwa dozi ambazo daktari amezipitia upya. Ile ya 48 ya zamani haitumiki bila kuangaliwa, kwa sababu sukari yake ya sasa si ile ya wakati huo. Insulatard inachomwa saa mbili kabla pampu haijavuliwa, na kihisi kinabaki mkononi, kengele ikiwa 14 vile vile.